FUNDI NYUMBANI: Taa za saa zinazopigana usiku

Mwezi uliopita tuliongea juu ya jiko la udongo linalorudisha moshi ndani ya nyumba, na ninashukuru kwa barua zenu. Moja ilikuwa ya kunikosoa kuhusu urefu wa bomba, na mzee aliyeiandika alikuwa na haki.

Mwezi huu nina saa mezani. Si saa ya dukani, ni saa ya kutengenezwa kwa mkono. Mama mmoja anayekaa karibu na shule aliileta Jumamosi ameifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga.

"Mwalimu, hii saa ina wazimu," akaniambia. "Mchana taa moja inatawala, nyingine inanyamaza. Usiku zinapigana."

Nilicheka kidogo, nisamehewe. Baadaye niligundua kwamba mama alikuwa ametaja ugonjwa wenyewe neno kwa neno, na mafundi wote waliotangulia, pamoja na mimi, hatukumsikiliza.

Saa hiyo ilitengenezwa na kijana wake huko Jinja, wakati alipokuwa akijifunza ufundi wa umeme. Uso wake ni ubao uliopakwa rangi nyeupe. Mishale na mashine yake ilitoka kwenye saa ya ukutani iliyovunjika, ile ya plastiki inayotumia betri moja ndogo. Kitu kilichonifurahisha ni namba. Kijana hakuzipanga kama kwenye saa za dukani. Juu kabisa, pale penye 12, ameandika 6. Pale penye 7 ameandika 1. Kwa hiyo jua likiwa utosini mishale yote miwili inaangalia juu na saa inasema sita, kama tunavyosema sisi wenyewe. Watoto wa P4 waliisoma mara moja bila kugeuza hesabu kichwani, na mimi nikajiuliza kwa nini kila siku tunasoma 7 halafu tunatamka "moja".

Kisha akaweka taa. Alichukua taa ndogo ya neoni kutoka kwenye ekstensheni iliyokufa, ile taa ya rangi ya chungwa inayokuambia umeme upo, akaiweka karibu na namba ili saa isomeke gizani. Taa hiyo hailishwi na betri ya saa. Ina waya wake na plagi yake, inakula umeme wa ukutani. Tulishike hilo, kwa sababu jirani zake walimwambia mama kwamba saa imeharibika, aitupe. Mishale haihusiani na taa hata kidogo. Saa ilikuwa inakwenda sawasawa muda wote huo.

Pale Jinja taa ilikuwa moja na ilitulia. Halafu kijana akapata kazi Mbale, akapanga chumba Namatala, na mama akaenda kukaa naye miezi kadhaa pamoja na binti mdogo. Huyo binti anameza dawa za kifafa mara mbili kwa siku, na muuguzi alisisitiza ziachane masaa kumi na mawili. Mama alichagua saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni, kwa sababu asubuhi anawahi shamba. Kijana akaona amsaidie mama yake: akaongeza taa ya pili, iliyotoka kwenye pasi mbovu, akaiweka pembeni ya namba 11 kabisa. Mshale mfupi ukifika kwenye hiyo taa, mama anaamka na kumpa mtoto dawa.

Usiku uleule vita vikaanza. Taa hii inawaka, ile inazimika, zinabadilishana, zinatetemeka. Wakaita fundi mmoja wa pale Mbale, akabadilisha plagi. Wakaita wa pili, akabadilisha swichi. Kila mmoja alikuja mchana, akakuta taa moja imetulia na nyingine imezima, akadhani ile iliyozima jua linaificha, akapokea pesa akaenda. Si kwamba walikuwa wezi. Ugonjwa ulikuwa unalala mchana.

Sasa kijana hayuko Mbale tena, amesafiri mbali, na mama alirudi hapa kambini na hiyo saa. Wiki moja kabla ya kuja kwangu aliamka usiku, uso wa saa ukimchezea machoni, akasoma saa tisa kama saa kumi na moja, akampa mtoto dawa mapema. Alikaa macho mpaka kukapambazuka akimwangalia. Ndo maana alikuja.

Basi tuiangalie hii taa ni kitu gani. Ndani ya kichupa chake cha kioo hakuna ule uzi unaowaka kama kwenye balbu ya zamani. Kuna vijiti viwili ambavyo havigusani, na kati yake kuna gesi inayoitwa neoni. Gesi hiyo iligunduliwa London mwaka 1898 na William Ramsay pamoja na Morris Travers, na jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "mpya". Kwa kawaida gesi haipitishi umeme. Lakini ukiisukuma kwa nguvu ya kutosha, kama volti 90 hivi kwa taa nyingi ndogo, inakubali ghafla, inawaka rangi ya chungwa. Na ikishakubali inatosheka na nguvu ndogo zaidi, kama volti 60. Ni kama lori lililokwama kwenye matope: kulitoa panahitaji wanaume kumi, likishaanza kwenda wawili wanatosha.

Kwa sababu inakubali ghafla hivyo, taa ya neoni haijui kujizuia. Ukiiunga moja kwa moja kwenye volti 240 inapitisha umeme kupita kiasi na kupasuka. Lazima iwekewe rezista, kile kipande kidogo chenye mistari ya rangi, kibane umeme uwe kidogo sana.

Jambo lingine: umeme wetu wa Uganda hauendi upande mmoja, unageuka kwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Mwendo huo unatokana na mzunguko wa mitambo, kama ile ya bwawa la Jinja lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls na sasa linaitwa Nalubaale. Kila mara umeme unapogeuka, taa ya neoni inazimika na lazima iwake upya. Ni mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, linaona mwanga uliotulia. Ila kama taa inashindwa kuwaka baadhi ya hizo mara 100, hapo jicho linaona inacheza.

(Kwa wale wenye saa za namba zinazochomekwa ukutani: nyingine zinahesabu huko kugeuka 50 ili zijue sekunde imepita. Ukiichomeka saa ya aina hiyo kwenye jenereta iliyochoka, inayogeuza umeme mara 48, itachelewa dakika 2 na sekunde 24 kila saa. Usiilaumu saa, laumu jenereta. Saa ya mama haina shida hiyo kwa sababu mishale yake inakula betri.)

Nilichofanya usiku huo ni kitu ambacho kila mtu anaweza kufanya bila kufungua chochote. Nilizima taa ya chumba, nikachomeka saa, nikangoja macho yazoee giza. Kweli, zilikuwa zinapigana. Kisha nikawasha tochi ya simu nikaimulika taa ya kwanza kwa karibu. Ile taa ikatulia, ikawaka vizuri, na ya pili ikazima kabisa. Nikahamisha tochi kwenye ya pili. Ya pili ikawaka, ya kwanza ikazima! Mama akapiga makofi, akaita watoto waje waone.

Tochi inafanya nini? Mwanga unapoangukia vijiti vilivyo ndani ya taa unavitoa chembe chache za umeme, na hizo ndizo zinazoiamsha gesi. Gizani taa inabaki ikingoja chembe ya bahati, inachelewa kuamka au inaruka zamu. Kwa taa mpya huko kuchelewa si rahisi kukuona. Taa iliyotumika miaka mingi ni tofauti: vijiti vyake vimechakaa, kioo kimeingia weusi kwa ndani, na inadai volti nyingi zaidi kuliko zamani. Mchana inasaidiwa na jua, usiku inabaki peke yake. Ndo sababu taa ya ekstensheni yako ya zamani inacheza usiku na kutulia asubuhi ukifungua mlango. Hakuna pepo, na wala umeme wako si mbaya.

Kwa hiyo kabla ya bisibisi, chukua tochi. Ukimulika na taa ikatulia, ugonjwa uko ndani ya taa yenyewe, usimlipe mtu kubadilisha plagi. Ukimulika na isibadilike, gusa meza kidogo, tikisa waya kwa nje: ikicheza pamoja na mtikiso, kuna mahali waya umelegea. Hapo usichelewe, hasa kama plagi ina joto au unasikia mlio na harufu ya plastiki inayoungua. Chomoa. Nyumba nyingi haziungui kwa sababu ya taa ndogo, zinaungua kwa sababu ya kiungo kilicholegea. Na kama balbu ya chumba inapungua na kupanda wakati huohuo, tatizo liko kwenye njia ya umeme, mfano ule waya mrefu mwembamba uliovutwa kutoka dukani kwa jirani huku watu watatu wanachemsha maji kwa birika.

Lakini saa ya mama haikuwa inafanya hata moja ya hayo peke yake. Taa moja ikishinda, nyingine inakufa. Hiyo ndiyo ilinikosesha usingizi. Nililala nikifikiria mgao wa chakula, siku ile walipofunga mageti yote wakaacha moja, na watu wa foleni mbili wakawa wanapita kwenye mlango mmoja.

Asubuhi nikachomoa plagi (kuchomoa kabisa, si kuzima swichi tu, kwa sababu swichi inaweza kuwa imekata waya usio wa moto), nikafungua mgongo wa saa. Ilikuwa hivyohivyo. Taa mbili, rezista moja. Kijana alipoongeza taa ya pili aliiunga sambamba na ya kwanza, zote zikipita kwenye rezista ileile. Taa inayotangulia kuamka inashusha nguvu mpaka kwenye volti 60, na volti 60 haziwezi kuiamsha nyingine. Imefunga mlango. Umeme unapogeuka wanaanza upya mashindano. Mchana mshindi ni yuleyule kila mara, yule mwenye nguvu, kwa hiyo taa moja inatawala na nyingine inanyamaza. Usiku kila moja inaamka kwa bahati, mshindi anabadilikabadilika, na wewe unaona vita. Mama alisema.

Simlaumu kijana. Kwa balbu za kawaida ungeunga hivyo na zote zingewaka. Neoni ndiyo yenye hii tabia ya uchoyo, na nimeona kosa hili hata kwenye mabodi ya kuchajia simu yaliyotengenezwa na mafundi wenye duka.

Dawa yake ni kila taa kuwa na rezista yake. Kwa volti 240 mimi natumia ya omu 220,000, mistari yake ni nyekundu, nyekundu, njano, na natafuta ile ya nusu wati, si ile ndogo kabisa. Ukiweka kubwa mno, mwanga unafunika sehemu ya kijiti tu na kutangatanga juu yake kama mdudu, na hapo utadhani taa ni mbovu. Ukiweka ndogo mno taa inang'aa sana, unafurahi, na kioo kinaingia weusi haraka. Rezista iunganishwe kwa solda na kufunikwa, isiwe waya wa kuviringisha kwa vidole na selotepu juu. Mgongo wa saa ufungwe kwa skrubu, maana watoto wana vidole vyembamba.

Hapa lazima niseme habari ya testa, kwa sababu karibu tupate msiba. Kabla mama hajaniletea saa, kijana mmoja jirani alijaribu kumsaidia. Alifungua mgongo plagi ikiwa ukutani, akagusa miguu ya taa kwa testa, testa haikuwaka, akasema "hakuna moto" na kuingiza vidole. Alirushwa mpaka kwenye jerikeni za maji. Mungu alimlinda. Niliichukua testa yake nikaijaribu kwenye soketi yangu nzima: ilikuwa imekufa zamani. Ndani ya testa ile mnayo taa ya neoni kama hizi tunazozungumzia, na nyuma yake rezista. Nayo inazeeka, inapasuka ikianguka, na ukiwa nje juani inaweza kuwaka usiione. Ikiwaka, amini kuna umeme. Isipowaka, usiamini kitu. Ijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, halafu pale unapotaka kupima, halafu rudi tena pale pa kwanza uone bado ni nzima. Hata hivyo chomoa plagi.

Nyinyi wenye sola msihangaike na hii taa. Betri yenu ni volti 12 na neoni haitaamka hata ukimulika tochi mpaka asubuhi. Chukueni taa ya LED moja ndogo na rezista ya omu 1,000, mistari yake kahawia, nyeusi, nyekundu. Mguu mrefu wa LED uelekee upande wa chanya. Inatosha kuangaza uso wa saa usiku kucha na betri haitajua.

Turudi kwa mama. Niliweka rezista ya pili, nikamrudishia saa yake, taa zote mbili zikawaka pamoja kwa mara ya kwanza. Siku ya tatu akarudi, kitenge kilekile. "Moja imetulia, mwalimu. Ile ya kumi na moja bado inanikonyeza." Nikaimulika: ikatulia. Nikaondoa tochi: ikakonyeza. Hiyo sasa ilikuwa uzee tu, taa ya pasi iliyofanya kazi kabla ya kuzaliwa kwa huyo binti labda. Ungeweza kuona weusi kwenye kioo. Nilimuuliza kama naweza kuitoa, kwa sababu ni kijana wake aliyeiweka. Alifikiri kidogo akasema toa, lakini nipe niihifadhi. Nikaweka nyingine kutoka kwenye ekstensheni ya shule iliyoungua soketi. Mtoto anakunywa dawa saa kumi na moja na mshale ukiwa kwenye taa.

Kwa hiyo nina ombi. Mkiwa na ekstensheni, pasi au birika lililokufa, msilitupe shimoni kabla hamjanionyesha. Nileteeni Jumamosi baada ya saa nane, chumba cha P4. Msivunje vichupa kutoa taa, kwa sababu baadhi ya viwanda viliweka ndani yake kiasi kidogo sana cha kitu chenye mionzi ili taa iamke hata gizani, na kikibaki ndani ya kioo hakina shida. Taa nzima nitazipima kwa tochi mbele yenu. Nimeshapata oda ya saa mbili zaidi za namba 6 juu, na mishale ninayo, ubao ndio sina.

Mwezi ujao: redio inayokoroma kila pikipiki ikipita.